Shotigani Iliyolambwa na Mbwa

Sura ya Tatu

Gari la wilaya lingefika Karatu saa kumi jioni kumchukua Tluway. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na Sajini Thadei Mlay alikuwa na ushahidi wa vitu vitatu tu: shotigani moja, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, na mbwa.

Mbwa hakuitwa na mtu. Alikuwa wa Tluway, jina lake Operesheni, kwa kuwa alizaliwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Tangu bwana wake awekwe ndani jana yake, alikuwa amelala mlangoni pa kituo akikataa ugali wa askari. Tuseme ukweli, ule ugali hata askari wenyewe waliukataa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kule juu, mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro, nguruwe pori walikuwa wamekula mahindi kuliko wenye mahindi. Kijiji kilikuwa na bunduki moja kuukuu ya mitutu miwili: unapiga mara mbili, unaikunja, unapapasa mfukoni kutafuta risasi, na nguruwe anakwenda zake na gunzi mdomoni. Ndipo wilaya ikaleta shotigani mpya ya majaribio. Hii ilibeba risasi tano na kujipakia yenyewe. Ukipiga, inatema ganda na kumeza risasi nyingine. Kazi yako ni kidole tu. Ikifaulu mtihani, inabaki kijijini. Ikifeli, inapelekwa kijiji cha Baray, na watu wa Karatu hawakuwa tayari kushindwa na Baray kwa jambo lolote.

Fomu ya mtihani ilitaka maksi za uzito, teke la begani, shabaha, na wepesi wa kupiga tena. Jumatano mchana, Tluway, askari wa wanyamapori wa kijiji na mtunza silaha kwa miaka kumi, alilipiga nayo debe tupu uwanjani, risasi kumi, bila kukwama hata mara moja. Jioni akaisafisha na kuipaka mafuta. Alhamisi kulipopambazuka, kamati nzima ikapanda msituni kuijaribu kwa nguruwe halisi. Nguruwe akatokea. Tluway akapiga moja, akakosa, ganda likabana kwenye mlango wa kutemea na bunduki ikanuna. Nguruwe, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati, akaijia kamati. Mwenyekiti wa kijiji, Josephati, akapanda mti ambao mpaka leo hawezi kueleza aliupandaje, kiatu kikabaki chini.

Hapo hapo juu ya mti, kabla hata ya kuomba ashushwe, Mwenyekiti alipaza sauti: “Huu ni uhujumu!”

Laiti angelisema neno hilo mwaka mwingine. Lakini ilikuwa Julai ya 1983, mwaka ambao mtu akikutwa na sabuni sita alikuwa mhujumu uchumi, na akikutwa na saba alikuwa mhujumu na jamaa zake wote. Tluway alijua akipanda lile gari hana uhakika wa kurudi. Thadei naye alijua, na alikuwa akimheshimu Tluway, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa na hasira na kila mtu.

“Niambie tena,” alisema. “Baada ya kuisafisha uliipaka mafuta?”

“Niliipaka, Afande.” Tluway alikuwa amekaa kwenye benchi, mrefu, mwembamba, magoti yamemfikia kifuani.

“Mafuta gani?”

“Ya bunduki. Chupa yake iko nyumbani, juu ya kabati.”

“Nani mwingine anaigusa?”

“Hakuna.”

Thadei aliichukua ile shotigani kutoka kwenye rafu, juu ya jiko la mkaa ambalo askari walichemshia chai. Hakukuwa na risasi ndani. Alihakikisha mara mbili. Akavuta koki, kile kishikio cha kuingizia risasi, akaiachia. Kla-kla. Ikaenda na kurudi bila kinyongo. Akavuta tena, na tena. Kla-kla, kla-kla.

Hilo ndilo lililomuumiza kichwa. Bunduki iliyokwama msituni ilikuwa nzima kituoni. Mtu yeyote angesema kwamba haikuwa na ubovu, bali ilikwamishwa na aliyeishika.

Aliiegemeza ukutani apate kuandika. Operesheni akainuka mlangoni, akapita chini ya meza, akaanza kuilamba shotigani. Hakuonja onja, aliilamba kwa bidii, pale pale kwenye mlango wa kutemea maganda, macho kayafumba.

“Toka wee!” Thadei alimfukuza.

Alipogeuka, Tluway alikuwa amebadilika uso. Alikuwa akimtazama mbwa wake, kisha bunduki, kisha sakafu.

“Afande,” alisema polepole, “andika tu kwamba niliiharibu mwenyewe.”

“Nini?”

“Andika. Nitatia saini.”

“Uliiharibu vipi?”

“Wewe andika tu.”

Thadei alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Alishasikia watu wakikana walichofanya mbele ya macho yake, lakini mtu anayekiri asichokijua alikuwa hajamwona. Akafunga daftari.

Mbwa kulamba bunduki, maana yake damu. Hivyo ndivyo alivyofikiri. Pengine Tluway aliwinda na bunduki ya serikali usiku ule wa Jumatano, swala mmoja wa kitoweo, damu ikaingia ndani ikagandia. Alitoa leso yake nyeupe, akaipitisha mlangoni mwa bunduki, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna wekundu. Akainama kunusa, na pua ikajaa harufu kali ya mafuta ya bunduki. Akaandika: *Damu: hakuna. Mafuta ya bunduki: yapo, yananuka.*

Basi akaenda kwa mlalamikaji.

Mwenyekiti Josephati alimpokea uani kwake, kavaa kaunda suti mpya ya kijivu na ndara.

“Umekuja na kiatu changu?”

“Kiatu ni kidhibiti, Ndugu Mwenyekiti. Jana asubuhi ulikuwa umesimama wapi bunduki ilipokwama?”

“Juu ya mti.”

“Kabla ya mti.”

“Kabla ya mti nilikuwa nyuma ya wote. Kama kiongozi.”

“Uliigusa ile bunduki?”

“Mimi? Sijawahi kuigusa tangu ije.”

Lakini Thadei alikuwa amesogea kumpa mkono, na ile harufu ikampiga tena. Mafuta ya bunduki! Yalikuwa yakimnuka Mwenyekiti kana kwamba ameogea. Moyo wa Sajini ukaruka. Huyu mtu anasema hajaigusa bunduki, na ananuka kama ghala la silaha.

“Mwenyekiti, wewe unamiliki bunduki?”

“Ninamiliki jembe na haki ya kusikilizwa. Yule Tluway aondoke leo. Nguruwe alinipita hivi!” Akaonyesha kwa kidole, na kila alipoonyesha nguruwe alizidi kumkaribia.

Thadei akaaga akiwa na mtuhumiwa mpya kichwani, mwenye cheo, na tumbo likaanza kumsokota kwa hofu ya cheo hicho. Akapitia nyumbani kwa Tluway kuitafuta ile chupa. Hakukuwa na mtu. Juu ya kabati palikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi duara safi mahali chupa ilipokuwa ikikaa. Chupa yenyewe haikuwepo. Na harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imejaa chumba kizima.

“Amefika mpaka humu!” Thadei alinong'ona, akimfikiria Mwenyekiti akinyata na kaunda suti.

Saa sita na nusu. Tumbo halikumvumilia tena, akaomba choo kwa jirani, akajifungia. Na humo chooni ndimo upelelezi ulipogeuka.

Kwa sababu harufu ilikuwamo. Bunduki haikuwamo, Mwenyekiti hakuwamo, hata dirisha halikuwamo. Alikuwamo Thadei peke yake, na mafuta ya bunduki yalikuwa yakiishinda harufu ya choo cha jirani, jambo ambalo si dogo. Akanusa kushoto, akanusa kulia. Akainama, akanusa suruali yake ya sare. Kwenye mshono, kuanzia kiunoni hadi gotini, kulikuwa na vidoa vya mafuta vimejipanga kama siafu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu asubuhi alikuwa akijinusa mwenyewe.

“Thadei, Thadei,” alijiambia kwa uchungu, “mama yako alikusomesha kwa kahawa yote ile.”

Lakini mpelelezi mzuri hupoteza dakika moja tu kwa aibu. Bunduki haikuwa na harufu ile, ilikuwa yake. Basi bunduki ilinuka nini? Na Mwenyekiti je? Walipeana mikono tu, na kwa Mwenyekiti harufu ilizidi maradufu, kwa hiyo naye alikuwa na yake. Suruali hii ilipunguzwa Jumanne. Kaunda suti ile ilikuwa mpya. Karatu nzima fundi anayeshona mishono miwili sambamba namna ile alikuwa mmoja tu.

Antonia alikuwa barazani pake, barabara ya Arusha, nyuma ya rundo la mashati meupe lililomfunika mpaka kidevuni. Jumapili Askofu angekuja kutoa kipaimara, na watoto arobaini walihitaji mashati. Pembeni yake, kwenye kigoda, mwanamke alikuwa akishona vifungo kwa mkono bila kuinua uso. Alikuwa Lusia, mke wa Tluway.

“Suruali yako nilishakupa, Sajini,” Antonia alisema bila kuacha kukanyaga. “Kama umenenepa, hilo si langu.”

“Mama Antonia, cherehani yako inakunywa mafuta gani?”

Gurudumu likasimama.

“Ya kupewa.”

“Na nani?”

“Na Mungu. Tangu mwezi wa tatu mafuta ya cherehani yameonekana duka gani hapa? Waliokuwa nayo wameyamwaga korongoni kwa kuwaogopa ninyi. Ningefanyaje? Askofu nimwambie asubiri?”

“Kabla ya Mungu hajakupa, ulikuwa unatumia nini?”

“Mafuta ya mkia wa kondoo, na yalinikomesha!” Antonia alipiga paja. “Mchana hayana neno, cherehani inaimba. Lakini asubuhi, na baridi hii ya kwetu? Yanaganda kama mshumaa. Nakanyaga mpaka goti linalia, gurudumu limenuna tu. Nikawa nasubiri jua lipande ndipo nianze kazi.”

“Rudia hapo.”

“Goti linalia?”

“Asubuhi limenuna, mchana linaimba.” Thadei alikuwa amevua kofia. Aliiona ile shotigani juu ya rafu, imepashwa joto na jiko la chai tangu jana, ikienda kla-kla. Aliuona ukungu wa kule juu saa kumi na mbili asubuhi. Alimwona mbwa ambaye hatambui mafuta ya bunduki lakini kondoo anamtambua hata gizani.

Sindano ya Lusia ikamchoma kidole, tone la damu likaangukia kola nyeupe.

“Ni mimi,” alisema.

“Lusia, nyamaza,” Antonia alimkata.

“Ninyamaze mpaka lini, dada? Gari linakuja.” Lusia alichomoa chupa ndogo kutoka ndani ya kanga yake na kuiweka juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa nyeupe ndani, imeganda. “Jumatatu nilimmiminia Mama Antonia mafuta ya mume wangu, karibu yote. Nikaona atajua yamepungua. Nikayeyusha ya kondoo jikoni, nikajaza. Yakiwa ya moto yanafanana kabisa, Afande. Nikasema chuma ni chuma, hakichagui.”

“Jumatano jioni aliyapaka yakiwa bado laini?”

“Nilikuwa nimeiweka chupa karibu na moto. Kwa makusudi.” Akaanza kulia. “Nilitaka mwanangu avae shati Jumapili, basi. Jana nimekuja kituoni mara mbili kusema, askari wako kanifukuza, ati mtuhumiwa haonani na wageni. Wakimchukua kama mhujumu, nitawaambia nini watoto?”

Thadei akaelewa sasa kwa nini Tluway alitazama sakafu. Mbwa alimlambia ukweli, naye akaamua kwenda jela badala ya mke wake. Sajini akakohoa kama anayesumbuliwa na vumbi.

“Shemeji, futa machozi. Shika hiyo chupa, twende. Mama Antonia, na wewe.”

“Na mashati?”

“Mashati yatangoja. Hata Askofu aliwahi kuwa mtoto, ataelewa.”

Gari liliwahi. Saa tisa na nusu Inspekta Eliamani wa kutoka wilayani alikuwa ameshasimama nyuma ya kituo, kajifunga skafu, akipiga chafya, na Mwenyekiti Josephati alikuwa ameshamweleza habari ya nguruwe, ambaye sasa alikuwa ameongezeka ukubwa kufikia nyati. Tluway alisimama kati ya askari wawili. Alipomwona mke wake na chupa mkononi, alifumba macho.

“Afande Inspekta,” Thadei alisema, “jana zilibaki risasi nne. Naomba nizitumie zote.”

“Kwa ajili gani?”

“Kumalizia fomu. Na kwa kuwa Tluway haaminiki, naomba apige Mwenyekiti.”

Josephati alikunjua mabega. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba apige bunduki. Thadei akaitoa shotigani juu ya jiko, akaitia risasi mbili, akamwelekeza Mwenyekiti kwenye debe lililotegemezwa kwenye tuta, hatua thelathini.

Pu! Ganda likaruka kuliani. Pu! La pili likalifuata. Debe likaanguka limejaa matundu ya marisau.

“Mnaona!” Josephati aligeuka na mtutu, watu wote wakalala chini, akaurudisha upande wa debe. “Nzima! Yule ni mhujumu!”

Thadei aliichukua kwa upole. Akaizamisha kwenye pipa la maji lililokaa kivulini, maji ya chemchemi ya msituni ambayo askari walikuwa wakiyakwepa kuoga. Akawaagizia wote chai. Walipomaliza vikombe, akaitoa, akaipangusa, akahakikisha mtutu umekauka, akatia zile risasi mbili za mwisho. Koki aliisukuma kwa kiganja ndipo ikafunga.

“Endelea, Ndugu Mwenyekiti.”

Pu! Ganda likachungulia mlangoni nusu, likabana. Josephati akavuta tena kidole. Kimya. Akavuta kwa vidole viwili. Akaitikisa, akaikemea, akaitukania mama yake.

“Mwenyekiti,” Thadei aliuliza kwa heshima zote, “na wewe umeihujumu?”

Askari mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Inspekta akasogea, akaingiza kidole mlangoni, akakitoa kikiwa na kitu cheupe kama nta. Operesheni alikuwa ameshafika, na kile kidole kikasafishwa kabla mwenyewe hajaamua la kufanya.

“Ni kondoo,” Thadei alisema. “Kwenye joto ni mafuta, kwenye baridi ni gundi. Tluway alipaka alichokikuta kwenye chupa yake. Mafuta halisi yalimwagwa, yakajazwa haya.”

“Nani aliyamwaga?” Josephati alidai, shotigani bado imemnunia mikononi. “Mali ya serikali! Nataka jina! Apande gari hilo hilo!”

Lusia alipiga hatua moja mbele. Thadei akamtangulia.

“Jina ninalo. Lakini sheria inataka kwanza mali ya wizi ikamatwe popote ilipo. Mafuta yale yameingia kwenye cherehani, na cherehani imeyatia kwenye nguo. Ninusie hapa, Afande.” Akamwonyesha Inspekta mshono wa suruali yake. “Hii ni kidhibiti namba moja. Nitaivua. Mashati arobaini ya kipaimara, vidhibiti namba mbili hadi arobaini na moja, Askofu tutamweleza. Na namba arobaini na mbili...”

Akamtazama Mwenyekiti. Inspekta akamtazama Mwenyekiti. Operesheni pia.

Josephati aliinua mkono wa kaunda suti yake, akaunusa. Jumapili angesimamia watoto watatu kipaimara, na mkewe alishawaambia majirani habari ya ile suti.

“Kaptula nimevaa ndani?” alijiuliza kwa sauti, akasita. Hakuwa na uhakika.

Upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani.

“Unajua,” Josephati alisema hatimaye, “baridi ya mwaka huu imezidi.”

“Imezidi sana,” Antonia aliitikia.

“Yaani kwa baridi hii, bunduki yoyote ingekwama.”

“Sajini,” Inspekta alisema, akipenga kamasi, “mfungulie huyo mtu.”

Tluway alipofunguliwa hakukimbia wala hakucheka. Alikwenda mpaka alipokuwa Lusia, akasimama, na mikono yake mirefu haikujua iende wapi. Mwishowe alichukua ile chupa mkononi mwake.

“Ungeniambia tu.”

“Ungekubali?”

“Nisingekubali.” Akafikiri. “Lakini ningetafuta chupa nyingine.”

Lusia akamgonga kifuani na ngumi, kisha akaacha kichwa chake hapo hapo, mbele ya askari na Mwenyekiti, jambo ambalo kwao halifanywi hadharani. Watu wakatazama pembeni. Antonia alisema amebakiza mafuta ya bunduki robo kikombe, atayarudisha yote leo, na mashati yaliyobaki yatamaliziwa kwa mkono. Na kwa kuwa Tluway sasa hana kazi mpaka Jumatatu, ataanza na vifungo.

Thadei aliingia ndani kumaliza karatasi. Kwenye fomu akaandika: *Uzito, wastani. Teke, si kali. Shabaha, nzuri hata ikishikwa na Mwenyekiti. Wepesi wa kupiga tena, mzuri sana. Maoni: Inafaa kwa nguruwe. Ibaki Karatu. Isiwekwe karibu na kondoo, na mbwa asiwekwe karibu nayo.* Halafu akafungua jalada la kesi, akajaza, akampelekea Inspekta ambaye tayari alikuwa ameketi garini na injini inanguruma.

Inspekta alisoma kwa makini. Mtuhumiwa: *Baridi.* Anwani ya mtuhumiwa: *Ngorongoro, juu.* Akatoa kalamu, akatia saini, kisha akaitazama ile karatasi tena.

“Sajini, hapa pa mwisho hukujaza. Amekamatwa?”

Thadei akageuka kutazama kule mlimani, ambako ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka kuja mjini, akapandisha kola ya koti.

“Bado, Afande. Tena anakuja huku.”